Barafu Iliyoyeyuka Kabla ya Kuonekana

Mtu aliyezoea kusoma kwa taa ya utambi anajua yanavyofanya maji yakiingia katika mafuta ya taa. Mwali huanza kuchezacheza, hutoa mlio mdogo kama wa chumvi motoni, kisha taa huzimika ingawa chupa yake haijakauka. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutuama chini, na utambi ukisha kuyafikia hauna tena cha kunyonya kinachoweza kuwaka.

Mafuta ya injini za ndege kubwa za abiria, yajulikanayo kwa jina la Jet A-1, ni ndugu wa karibu wa mafuta hayo ya taa. Husafishwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, lakini uhusiano wake na maji haukubadilika kwa sababu ya kupanda cheo. Habari inayofuata inahusu maji kidogo sana yaliyokuwamo ndani ya mafuta safi, ndege moja iliyoanguka ikiwa imebakiza sekunde chache kutua, na agizo lililowalazimisha wenye ndege za aina hiyo duniani kote kung'oa chombo kimoja katika kila injini na kuweka kingine.

SEKUNDE ZA MWISHO

Tarehe 17 Januari 2008 ndege ya shirika la British Airways, aina ya Boeing 777, ilikuwa ikitoka Beijing kwenda London. Ndani yake mlikuwa na abiria 136 na wafanyakazi 16. Kwa zaidi ya saa kumi ilipita juu ya Mongolia, Siberia na Skandinavia bila tukio lolote la kuandikwa, na mchana ikawa inashuka kuelekea uwanja wa Heathrow. Aliyekuwa akiiongoza wakati huo ni rubani msaidizi, John Coward. Nahodha alikuwa Peter Burkill.

Ndege inayokaribia kutua huenda polepole, na mitambo yake huongeza na kupunguza msukumo wa injini kila mara ili mwendo usipungue kupita kiasi. Karibu na ardhi mitambo iliomba msukumo zaidi. Injini ziliitika kwanza. Kisha, ndege ikiwa futi 720 kutoka ardhini, yaani kama mita 220, injini ya kulia ikalegea, na baada ya sekunde saba hivi ya kushoto nayo ikalegea. Hazikuzimika. Ziliendelea kuzunguka zikitoa msukumo uliozidi kidogo ule wa mwendo wa chini kabisa, lakini haukutosha kuibeba ndege hadi uwanjani. Marubani walisukuma vishikio vya nguvu mpaka mwisho, na injini hazikujibu.

Nyuma ya mabawa kuna vibao vinavyokunjuliwa wakati wa kutua, ambavyo marubani huviita flapu. Vibao hivyo huongeza nguvu ya kuinua ndege, lakini pia huongeza ukinzani wa hewa. Burkill alivirudisha nyuma hatua moja. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba hatua hiyo iliisogeza mbele sehemu ya kugusa ardhi kwa mita 50 hivi, kiasi cha kuivusha ndege juu ya antena za redio za kuongozea ndege zinazotua. Iligusa majani mita 330 kabla ya lami ya njia ya kurukia, magurudumu yakavunjika, ikaburuzika kwa tumbo na kusimama ukingoni mwa njia hiyo. Hakuna aliyekufa. Abiria mmoja alivunjika mguu, na wengine walipata majeraha madogo.

Matangi yalikuwa bado na tani kumi na nusu za mafuta.

SHAHIDI ASIYEPATIKANA

Uchunguzi wa ajali za anga nchini Uingereza hufanywa na idara maalumu, ijulikanayo kwa kifupi AAIB. Wachunguzi wake walikuwa na ndege nzima mikononi, marubani walio hai, na vinasa habari vilivyohifadhi kila kipimo cha safari. Ni nadra uchunguzi kuanza na utajiri wa namna hiyo. Hata hivyo sababu haikuonekana mahali popote.

Kompyuta za injini zilikuwa zimetenda kazi yake barabara. Zilipoona msukumo unapungua, ziliamuru vali za kupimia mafuta zifunguke, nazo zilifunguka mpaka mwisho. Mafuta hayakuongezeka. Mtu akifungua bomba la maji nyumbani mpaka mwisho na maji yakatoka kidogo tu, hana haja ya kulilaumu bomba. Kizuizi kiko nyuma yake. Wachunguzi wakalazimika kurudi nyuma, kutoka kwenye vali kuelekea kwenye matangi.

Njia ya mafuta katika injini hiyo, aina ya Trent 800 iliyotengenezwa na kampuni ya Rolls-Royce, ni hivi. Pampu zilizomo ndani ya tangi huyasukuma mafuta kupitia bomba refu la bawa. Yakifika kwenye injini hupokewa na pampu ya shinikizo dogo, ambayo huyapeleka kwenye kipashajoto. Kutoka hapo hupita kwenye chujio, kisha pampu ya shinikizo kubwa huyakamua kuelekea kwenye vali ya kupimia, na mwisho hunyunyizwa motoni. Kipashajoto ndicho kitovu cha habari hii. Ni silinda yenye vijibomba vyembamba zaidi ya elfu moja. Mafuta baridi kutoka matangini hupita ndani ya vijibomba, na mafuta ya kulainishia injini, ambayo yana joto kali kwa kuzungushwa penye msuguano, hupita nje yake. Kwa njia hiyo kimoja hupoa na kingine hupashwa joto, na ndege hupata faida mbili kwa chombo kimoja. Faida mojawapo iliyokusudiwa ni kuyeyusha barafu yoyote ndogo kabla haijalifikia chujio.

Dalili moja tu ya kushikika ilipatikana. Katika pampu za shinikizo kubwa za injini zote mbili palikuwa na alama mpya za kuchimbika kwa chuma, upande wa kutokea mafuta. Pampu inayonyimwa mafuta hunyonya kwa nguvu hadi shinikizo linashuka mno na mafuta yenyewe kutoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikifika penye shinikizo kubwa husinyaa ghafula na kuuchimba uso wa chuma kama ncha ya patasi. Kwa hiyo pampu zilikuwa na kiu, na kilichozinyima kilikuwa kati yake na tangi. Lakini vilipofunguliwa, mabomba yalikuwa wazi, kipashajoto kilikuwa safi, na chujio halikuwa na uchafu wa kuziba kitu.

Wanaofundisha hisabati watapendezwa na upande mwingine wa fumbo hili. Ndege hupewa injini mbili kwa kutumaini kwamba hazitashindwa kwa pamoja. Ikiwa uwezekano wa injini moja kushindwa katika muda fulani ni 1 kwa 100,000, basi uwezekano wa zote mbili kushindwa katika muda huo huo ni 1 kwa 10,000,000,000, idadi inayompa msafiri usingizi mwororo. Lakini hesabu hiyo ya kuzidisha ni halali tu kama tukio la kwanza halina uhusiano wowote na la pili. Injini mbili zilizoruka saa kumi katika baridi moja, zikanywa mafuta ya asili moja, na kuombwa nguvu kwa wakati mmoja, haziwezi kuitwa wageni kwa wageni. Zilipolegea kwa kupishana sekunde saba, zilionyesha kwamba kinga ya kuwa na mbili ilikuwa imevunjwa na sababu moja.

MAJI NDANI YA MAFUTA SAFI

Mafuta ya ndege hiyo yalipimwa na kukutwa ni mazuri kabisa. Ubaridi mkubwa kuliko wote uliorekodiwa ndani ya matangi yake ulikuwa nyuzi 34 za sentigredi chini ya sifuri, wakati hewa ya nje juu ya safu ya Urali ilikuwa imefika nyuzi 76 chini ya sifuri. Mafuta yenyewe yasingeweza kuganda mpaka yafike nyuzi 57 chini ya sifuri. Hayakuganda basi. Kilichoganda ni maji.

Hakuna mafuta ya ndege yasiyo na maji kabisa. Sehemu ya maji huwa imeyeyuka ndani ya mafuta na haionekani, kama sukari katika chai. Sehemu nyingine huelea kama ukungu wa matone madogo sana. Mafuta yenye joto huweza kuyeyusha maji mengi kuliko mafuta baridi. Kwa hiyo ndege inapopanda na mafuta yakapoa, maji yaliyokuwa yamejificha hutolewa nje, kama umande unavyotolewa na hewa ya usiku. Wachunguzi walikadiria kwamba mafuta yaliyojazwa Beijing yalikuwa na kiasi cha lita 3 za maji yaliyoyeyuka na, kwa wingi kabisa, lita 2 za maji yasiyoyeyuka. Ndege ilipaa na tani 79 za mafuta. Lita tano katika mzigo huo ni kitu kidogo, tena ni kitu kilichoruhusiwa na kanuni zote.

Kampuni ya Boeing ilijenga mfano wa mfumo wa mafuta wa ndege hiyo katika karakana yake, ukiwa na mabomba halisi, pampu halisi na kipashajoto halisi. Mafuta yaliyopozwa yalipitishwa humo kwa saa nyingi, yakiongezwa maji kwa vipimo. Kazi hiyo haikuwa rahisi, kwa kuwa barafu haikubali kurudia tabia ile ile kila siku. Hata hivyo jambo moja lilijitokeza tena na tena. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 20 chini ya sifuri, vipande vidogo vya barafu huwa laini na vyenye kunata. Hushika kuta za mabomba na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Baridi ikizidi hapo, barafu huwa kavu kama mchanga na hupita bila kushika kitu. Ina maana kwamba baridi ya kutisha ya Siberia haikuwa hatari kuu. Hatari ilikuwa katika baridi ya kadiri, iliyodumu kwa saa nyingi huku mafuta yakipita polepole.

Baada ya hapo kinachohitajika ni mtikisiko mmoja tu. Injini ikiombwa nguvu nyingi, mafuta hukimbia kwa kasi, na utando wa barafu uliojengeka taratibu hubanduka kwa mkupuo. Hali ndivyo ilivyokuwa Heathrow: safari ndefu yenye mwendo mtulivu, kisha maombi ya ghafula ya msukumo wakati mafuta yalikuwa bado nyuzi 22 chini ya sifuri. Barafu iliyobanduka ilisafiri hadi uso wa kipashajoto na kuufunika. Katika majaribio, maji yasiyozidi mililita 25, yaani vijiko vitano vya chai, yalipoingizwa kwa wingi kwa mara moja yalitosha kuunda barafu ya kuzuia mtiririko wa mafuta.

Kwa nini chombo kilichoundwa kuyeyusha barafu kilishindwa na vijiko vitano? Wanafunzi waliokwisha kujifunza joto fiche wanaweza kupiga hesabu wenyewe. Gramu moja ya barafu ikiwa kwenye sifuri huhitaji joto la jouli 334 ili iwe maji, na maji hayo bado yatakuwa kwenye sifuri. Gramu 25 zahitaji zaidi ya jouli 8,000, joto ambalo lingeweza kuyapandisha maji ya kiasi hicho kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Kwa injini kubwa joto hilo si kitu, lakini ni lazima lipite kwenye chuma na kuifikia barafu wakati mafuta baridi mengine yanaendelea kumiminika juu yake. Shida haikuwa uhaba wa joto, joto lilichelewa. Likisha kufika, barafu huyeyuka, huwa maji, huingia motoni na kutoka nje kama mvuke. Ndiyo sababu wachunguzi hawakukuta kitu. Walikuwa wakimtafuta mkosaji aliyeyeyuka.

Katika kukichunguza kipashajoto, jicho lilitua juu ya jambo dogo sana la umbo. Vijibomba vile zaidi ya elfu moja havikuishia kwenye bamba la kuingilia mafuta; vilichomoza juu yake kwa milimita 4 hivi. Barafu laini ilinasa kwenye ncha hizo kama takataka zinavyonasa kwenye mizizi ya mikoko maji yanapokupwa. Hapakuwa na kosa la fundi wala uvunjaji wa sheria. Kipashajoto kilikuwa kimetimiza masharti yote ya kuidhinishwa, kwa sababu masharti yenyewe hayakuwahi kuwaza barafu inayojikusanya kwa saa nyingi na kuachia kwa sekunde moja.

USHAURI NA AMRI

Yafaa kueleza hapa mipaka ya madaraka. Wachunguzi wa ajali hawawezi kumwamuru mtu. Kazi yao ni kueleza kilichotokea na kupendekeza. Mtengenezaji naye hutoa nyaraka za kuwashauri wenye ndege wabadili hiki au kile, na kila shirika huchagua wakati wa kufanya hivyo. Ni mamlaka za usalama wa anga tu, kama ile ya Marekani iitwayo FAA au ile ya Ulaya iitwayo EASA, zinazoweza kutoa agizo la ustahiki wa kuruka. Agizo hilo hutaja aina ya ndege au injini, kasoro iliyogunduliwa, marekebisho yanayotakiwa na siku ya mwisho ya kuyafanya. Ndege ambayo haikurekebishwa siku hiyo ikapita haina ruhusa ya kupaa, hata ikiwa inang'aa kama mpya.

Tofauti kati ya ushauri na amri ilionekana katika ajali hiyo hiyo. Ndege ilipogonga ardhi, vali kuu za kuzuia mafuta kutoka matangini zilibaki wazi na mafuta yakavuja chini. Mpangilio wa nyaya ulifanya kufungwa kwa vali hizo kutegemee ni swichi ipi iliyoguswa kwanza na marubani, katika dakika ambayo si rahisi kukumbuka mfuatano. Waraka wa mtengenezaji wa kurekebisha nyaya hizo ulikuwa umekwisha kutolewa, lakini katika ndege hii kazi hiyo ilikuwa haijafanywa. Kwamba mafuta yaliyomwagika hayakushika moto ni jambo la kushukuru tu.

Kuhusu barafu, mamlaka zilikuwa na ugumu wa kweli. Ndege zaidi ya mia mbili za Boeing 777 zenye injini za Trent 800 zilikuwa zikiruka kila siku, zikiwa na vipashajoto vya umbo lile lile. Kuzisimamisha zote kwa ajili ya ajali moja ambayo kielelezo chake kimeyeyuka ilikuwa vigumu kutetea. Kuziacha ziendelee kana kwamba hakuna kitu ilikuwa vigumu zaidi. Mwezi wa Septemba 2008 AAIB ilitoa taarifa ya muda ikiitaja barafu kuwa ndiyo sababu inayoelekea kuwa kweli, na FAA ikatoa agizo la muda linalohusu uendeshaji tu. Marubani waliporuka na mafuta baridi kwa muda mrefu walitakiwa waongeze nguvu za injini kwa makusudi wakiwa bado juu, ili barafu ibanduke kidogo kidogo mahali penye nafasi ya kujiokoa. Tena walifundishwa kwamba injini ikilegea wasisukume vishikio mbele, bali wavirudishe nyuma kabisa kwa muda mfupi.

Agizo hilo la pili lilikwenda kinyume na silika ya kila rubani, maana ni nani anayeikosa nguvu akaipunguza? Lakini fizikia yake ni nyepesi. Mafuta yakipita polepole, kipashajoto hupata muda wa kuishughulikia barafu bila kumwagiwa baridi mpya kwa kasi.

Uthibitisho ulikuja mapema kuliko ilivyotazamiwa. Tarehe 26 Novemba 2008 Boeing 777 ya shirika la Delta, ikitoka Shanghai kwenda Atlanta, ilikuwa futi 39,000 juu ya jimbo la Montana injini moja ilipolegea yenyewe. Ilikuwa ya aina ile ile ya Trent. Marubani walifuata maelekezo mapya, wakarudisha nguvu nyuma; injini ikapona, na safari ikaendelea mpaka mwisho. Tofauti ya matukio haya mawili ni kimo tu. Kule Montana marubani walikuwa na kilomita kumi na mbili za hewa chini yao, wakaweza kuingoja barafu iyeyuke. Heathrow palikuwa na mita 220.

Tukio la Delta liliwapa wachunguzi habari kamili za injini iliyougua na kupona. Lakini pia lilionyesha kwamba maelekezo ya kuongeza nguvu mapema hayakuwa yamezuia barafu isizibe; yaliwasaidia marubani baada ya kuziba tu. Ilikuwa dhahiri kwamba dawa imo katika kubadili chombo. Machi 2009 wachunguzi wa Uingereza na wenzao wa Marekani, NTSB, walipendekeza kipashajoto kiundwe upya na ubadilishaji uwe wa lazima. NTSB ilitaka kazi hiyo ifanywe katika muda wa miezi sita baada ya chombo kipya kukamilika.

Rolls-Royce ilileta kipashajoto ambacho vijibomba vyake vimekatwa sawasawa na bamba. Mengine yalibaki karibu kama yalivyokuwa. Julai 2009 EASA ikatoa agizo: kila injini ya Trent 800 katika Boeing 777 iwekewe chombo hicho kabla ya kutimiza saa 6,000 za kuruka tangu siku ya agizo, au kabla ya tarehe 1 Januari 2011, lolote litakalotangulia. Muda huo ulikuwa mrefu kuliko ule uliotakiwa na NTSB, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini. Upande mmoja kuna hatari iliyokwisha kujulikana. Upande wa pili kuna vipashajoto vinavyotakiwa kutengenezwa kwa mamia, kupimwa kimoja kimoja, na kufungwa na mafundi wenye leseni katika karakana zilizokwisha kupangiwa kazi nyingine. Tarehe ya mwisho katika agizo kama hilo ni mapatano kati ya mambo hayo, nayo huandikwa na watu wanaojua kwamba ndege zitaendelea kupaa kila siku kabla ya tarehe kufika. Baadaye maagizo ya namna hiyo yalitolewa pia kwa injini za Trent 500 na Trent 700 zinazotumiwa na ndege za Airbus.

Agizo la Ulaya lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa. Kiambatisho cha 8 cha mkataba huo kinaitaka nchi iliyosanifu ndege au injini izipatie nchi zilizoziandikisha habari zote za lazima kuhusu usalama wake, na nchi hizo nazo zichukue hatua. Kenya Airways ilikuwa wakati huo na ndege za Boeing 777 zenye injini za Trent 800. Mtu angeweza kudhani kwamba ndege inayopaa kutoka Nairobi au inayopita juu ya pwani yenye joto haina la kuogopa katika habari ya barafu. Hata juu ya ikweta, kilomita kumi na moja kutoka ardhini, baridi huzidi nyuzi 40 chini ya sifuri. Na mafuta yaliyohifadhiwa penye joto na unyevu mwingi ndiyo yanayobeba maji mengi zaidi yaliyoyeyuka.

YALIYOBAKI

Taarifa kamili ya AAIB ilitolewa Februari 2010. Kati ya mapendekezo ya wachunguzi kuna mawili ambayo hayakwisha kwa kubadili kipashajoto. La kwanza lilitaka masharti ya kuidhinisha ndege na injini yapitiwe upya, ili kila mfumo wa mafuta uthibitishwe kwamba waweza kustahimili barafu inayojikusanya na kuachia ghafula. La pili lilitaka utafiti ufanywe juu ya namna barafu inavyoumbika ndani ya mafuta ya ndege, na pia juu ya uwezekano wa kupanua matumizi ya dawa ya kuzuia barafu katika mafuta ya ndege za kiraia. Dawa hiyo si ngeni. Jeshi la Marekani lilianza kuitia katika mafuta yake baada ya ajali za ndege za kivita zilizosababishwa na barafu kwenye machujio katika miaka ya 1950.

Ndege nyingi za abiria huruka mpaka leo kwa mafuta yasiyotiwa dawa hiyo, zikitegemea kipashajoto na usafi wa matangi. Kabla ya safari fundi huingia chini ya bawa, hufungua vali ndogo iliyo mahali pa chini kabisa pa tangi, hukinga mafuta katika chupa ya kioo na kuyatazama kwenye mwanga. Kama kuna maji, yatakuwa yametuama chini.